Kamera "haipati umeme": vitenzi sita vya hitilafu moja

Muhtasari. Sentensi "kamera haipati umeme" ni sahihi kisarufi na inaeleweka kote Kiswahili kinakosemwa. Inafaa kuwa kichwa cha taarifa au malalamiko ya mteja. Katika mwongozo wa ufundi, hata hivyo, sentensi hiyo huficha sababu zisizopungua sita, na kila sababu ina tiba yake. Makala haya yanaonyesha jinsi vitenzi -tolewa, -nyimwa, -fika, -tosha, -katiwa na -waka vinavyotenganisha sababu hizo, kisha yanajadili nomino zinazowapotosha wafasiri wa miongozo ya kamera za ulinzi zinazopokea umeme kupitia kebo ya mtandao.

## 1. Kwa nini suala hili lina uzito

Miaka kadhaa iliyopita nilimsaidia msimamizi wa hosteli moja ya wanafunzi kutafsiri mwongozo wa kamera zilizofungwa langoni na kwenye vijia. Kamera ya lango ilikuwa ikizimika kila usiku. Mwongozo wa asili ulielekeza kwamba kamera inayosumbua na kamera nzima zipishane nafasi, ili ijulikane kama tatizo linaihama kamera au linabaki mahali pake. Mimi niliandika: "Badilisha kamera." Msimamizi alifanya kile ambacho Kiswahili changu kilimwambia: alinunua kamera mpya. Usiku uliofuata nayo ikazimika.

Kosa lilikuwa langu. Kitenzi -badilisha hubeba maana mbili: kuweka kipya mahali pa cha zamani, na kupishanisha vitu viwili. Msomaji asiye fundi huchukua maana ya kwanza, maana ndiyo anayoijua dukani. Kamera ya zamani haikuwa na ubovu wowote. Swichi ya mtandao haikuwa na umeme wa kuzitosha kamera zote baada ya jua kutua. Fedha za hosteli zilipotea kwa sababu ya kitenzi kimoja, na lango likakaa usiku kadhaa bila jicho.

## 2. Kifaa chenyewe kwa ufupi

Mfasiri hawezi kuchagua kitenzi bila kujua nani anampa nani nini. Katika mfumo huu, unaojulikana kwa kifupi cha PoE, kebo moja ya mtandao hupeleka umeme kwenye kamera na kurudisha picha. Kebo hiyo ina nyaya nane zilizosokotwa katika jozi nne. Upande mmoja kuna mtoaji wa umeme, ambaye ni swichi ya mtandao au kisanduku kidogo ambacho mafundi hukiita injekta. Upande wa pili kuna mpokeaji, yaani kamera.

Viwango vya mfumo huu huwekwa na IEEE, taasisi ya kimataifa ya wahandisi wa umeme na elektroniki. Kiwango cha kwanza, 802.3af, kilitoka mwaka 2003. Kinamruhusu mtoaji kutoa hadi wati 15.4 katika kila poti, na kinamhakikishia mpokeaji wati 12.95. Kiwango cha 802.3at cha mwaka 2009 kilipandisha takwimu hizo hadi wati 30 kwa mtoaji na 25.5 kwa mpokeaji. Kiwango cha 802.3bt cha mwaka 2018 kilifika wati 90 kwa mtoaji.

Tofauti kati ya 15.4 na 12.95 inamhusu moja kwa moja mwanaisimu. Wati hizo 2.45 zinaweza kupotea njiani, ndani ya ukinzani wa kebo. Kwa hiyo umeme *unaotolewa* si sawa na umeme *unaofika*. Mwandishi anayetumia "unaopatikana" kwa yote mawili amefuta tofauti ambayo wahandisi waliiandikia takwimu mbili.

## 3. Vitenzi sita

### 3.1 -tolewa
*kt, kauli ya kutendwa ya -toa*

Hali ya kiufundi. Mtoaji mwenyewe hatoi. Swichi imezimwa, poti imefungwa katika mipangilio, au swichi si ya aina inayotoa umeme kabisa. Swichi nyingi za bei nafuu hupitisha data tu. Nyingine zina poti nane, lakini ni nne tu zinazotoa umeme.

Mfano. *Umeme hautolewi katika poti ya 5 hadi ya 8. Hamishia kebo kwenye poti ya 1 hadi ya 4.*

Tanbihi. Injekta ina matundu mawili: moja hupokea data kutoka kwenye mtandao, jingine hutoa data pamoja na umeme kwenda kwenye kamera. Kebo zikipishana, kamera haitapewa chochote. Andika "tundu la kwenda kwenye kamera" na "tundu la kutoka kwenye mtandao". Ukiandika "tundu la nje", msomaji atatafuta tundu lililo nje ya kisanduku, au nje ya nyumba.

### 3.2 -nyimwa
*kt, kauli ya kutendwa ya -nyima*

Hali ya kiufundi. Mtoaji ana umeme lakini anakataa kuutoa. Swichi inayofuata kiwango haimwagi umeme ovyo kwenye kebo. Kwanza hubisha hodi: hupeleka volti chache tu, chini ya kumi na moja, na kutafuta ukinzani wa takriban omu 25,000 ambao kila kamera ya kiwango hicho hubeba ndani yake. Ukinzani huo ndio "karibu" ya kamera. Swichi isipoisikia, haipandishi umeme hadi kwenye volti 44 hadi 57 zinazohitajika.

Kamera hunyimwa umeme inapokuwa si ya kiwango hicho. Mfano ni kamera iliyotengenezwa kwa ajili ya injekta ya volti 24, ambayo hutoa umeme bila kuuliza. Hunyimwa pia pale nyaya zinapogusana ndani ya plagi, au pale swichi ilipokwisha kugawa wati zake zote.

Mfano. *Kamera imenyimwa umeme kwa sababu swichi haikuitambua.*

Tanbihi. Wapo wahariri wanaopinga kitenzi hiki kwa hoja kwamba anayenyimwa huwa ni mtu. Matumizi hayawaungi mkono: twasema mche ulionyimwa maji na jicho lililonyimwa usingizi. Kitenzi -nyima kina faida ambayo "-tompa" haina, kwa kuwa kinadokeza kwamba mtoaji anacho kitu na amekizuia. Hiyo ndiyo hali yenyewe ya swichi.

Kutokana na hodi hii, maelekezo "pima umeme kwenye ncha ya kebo" ni mtego. Ncha isiyofungwa kwenye kamera haina wa kuitikia, kwa hiyo kipimo cha kawaida hakitaonyesha volti 48 hata kama swichi ni nzima. Andika: *Pima kwa kipimo maalumu cha PoE, au unganisha kamera uliyo na hakika kwamba ni nzima.*

### 3.3 -fika
*kt [sie]*

Hali ya kiufundi. Umeme umetolewa, ila umepotelea njiani. Kebo imekatika, plagi imebanwa vibaya, maji yameingia kwenye kiungo, au pini zimeshika kutu. Hali ya mwisho ni ya kawaida katika miji ya pwani kama Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, ambako hewa ina chumvi.

Mfano. *Umeme hauifikii kamera. Kagua plagi zote mbili na sehemu ambazo kebo inapita ukutani.*

Tanbihi. Jihadhari na sentensi "kebo ni nzima". Kamera nyingi hupitisha data kwenye pini za 1, 2, 3 na 6 pekee, ilhali baadhi ya watoaji hupitisha umeme kwenye pini za 4, 5, 7 na 8. Kebo iliyokatika waya wa 7 na wa 8 yaweza kupitisha data bila kasoro na isipitishe umeme hata kidogo. Kwa hiyo uzima wa kebo unahitaji kijalizo: *nzima kwa data*, *nzima kwa umeme*, au *nzima katika nyaya zote nane*.

### 3.4 -tosha
*kt [sie]*

Hali ya kiufundi. Umeme unafika, lakini ni pungufu. Dalili yake ni kamera inayowaka na kuzimika, au inayofanya kazi mchana na kushindwa usiku. Sababu ya usiku inaeleweka: giza likiingia, kamera huwasha taa zake za infraredi, na mahitaji yake ya umeme hupanda ghafla.

Upungufu huweza kutokana na kebo. Kiwango kinaruhusu mita 100 kati ya swichi na kamera. Kebo iliyovuka hapo, au yenye nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu badala ya shaba tupu, ina ukinzani mkubwa na hula sehemu kubwa ya umeme. Upungufu huweza pia kutokana na swichi. Tuchukue swichi ya poti nane yenye jumla ya wati 60. Kamera nane zinazotumia wati 5 kila moja mchana zitahitaji wati 40, nazo zitatosheka. Usiku kila moja ikipanda hadi wati 9, zitahitaji wati 72. Hapo ndipo kamera ya hosteli ile ilipokuwa ikizimikia.

Mfano. *Umeme unaofika hautoshi kuwasha taa za usiku.*

### 3.5 -katiwa
*kt, kauli ya kutendewa ya -kata*

Hali ya kiufundi. Kamera ilikuwa ikipewa umeme, kisha mtoaji akausitisha kwa uamuzi wake. Swichi hukata pale kamera inapovuta kuliko kiwango, pale nyaya zinapogusana, na pale jumla ya wati inapozidi uwezo wake, ambapo swichi nyingi huanza na poti zilizopangiwa umuhimu mdogo. Hukata pia mkondo unapopungua mno, kwa kuwa hudhani kifaa kimeshachomolewa.

Mfano. *Kamera ya lango imekatiwa umeme kwa sababu poti yake imepangiwa umuhimu wa chini. Ipangie umuhimu wa juu.*

Tanbihi. Msomaji wa Kiswahili anaijua tofauti hii kutoka nyumbani kwake. "Umeme umekatika" ni jambo lililotokea, na hakuna anayetajwa. "Tumekatiwa umeme" kuna aliyekata, na jirani atauliza kama bili imelipwa. Kauli ya kutendeka na kauli ya kutendewa zinasimulia visa viwili. Mwongozo unaoandika "umeme ukikatika" mahali pa "swichi ikiikatia kamera umeme" unampeleka msomaji nje kutazama nguzo za mtaani, wakati jibu limo ndani ya mipangilio ya swichi.

Vivyo hivyo tenganisha -zimika na -zimwa. Kamera *imezimika* yenyewe. Kamera *imezimwa* na mtu au na programu. Katika masuala ya ulinzi tofauti hiyo yaweza kufika mbele ya polisi. Mfasiri wa taarifa ya tukio asiandike "kamera ilizimwa" ikiwa chanzo kinasema tu kwamba haikuwa ikifanya kazi, kwani atakuwa amemtunga mtuhumiwa.

### 3.6 -waka
*kt [sie]*

Hali ya kiufundi. Umeme umetolewa, umefika na unatosha, lakini kamera haiwaki. Hapa tu ndipo neno mbovu linapokuwa na haki yake.

Mfano. *Ikiwa kamera haiwaki hata kwa kebo fupi iliyothibitishwa, kamera ni mbovu.*

Tanbihi. Usichanganye "haiwaki" na "haionyeshi picha". Kamera isiyoonyesha picha yaweza kuwa inawaka vizuri, na tatizo likawa katika anwani yake ya mtandao au nywila. Taa ndogo ya poti ikimetameta, kamera ina uhai. Tatizo hilo halihusu umeme, na halipaswi kuwekwa katika sura moja na haya.

Kauli ya kutendwa, -washwa, ni sahihi kwa vifaa (*kamera iwashwe upya*). Ikitumiwa kwa watu bila muktadha hudokeza mwasho wa ngozi. Katika maelekezo ni salama zaidi kutumia kauli ya kutenda: *washa kamera upya*.

## 4. Wakati na hali

Viambishi vya wakati hubeba nusu ya uchunguzi, na wafasiri wengi huvipuuza.

- Haijawahi kuwaka. Ufungaji ni mpya. Shuku kiwango kisicholingana, poti isiyotoa umeme au mpangilio wa nyaya kwenye plagi.
- Imeacha kuwaka. Ilikuwa nzima. Shuku maji, kutu, panya, radi au kifaa kilichoongezwa juzi kwenye swichi.
- Huwaka na kuzimika. Kiambishi hu- kinaonyesha mazoea. Shuku umeme usiotosha.
- Haiwaki. Haisemi lolote kuhusu jana. Katika fomu ya kupokea malalamiko, jibu hili lifuatwe na swali: *Iliwahi kuwaka?*

Mwalimu wa sarufi anayetafuta ushahidi kwamba viambishi si pambo atapata hapa mfano ambao mwanafunzi hatausahau.

## 5. Nomino zinazopotosha

nguvu. "Kamera haina nguvu" humfanya msomaji afikirie udhaifu au uhafifu wa kifaa. Tumia umeme kwa kitu kinachopelekwa, wati kwa kiasi chake kwa wakati, na nishati pale panapohusika dhana pana ya sayansi au sera.

bandari. Hukutana nalo katika tafsiri za haraka: "unganisha kebo kwenye bandari ya kwanza". Bandari ni mahali pa meli. Mafundi husema poti. Anayetaka neno la nyumbani atumie tundu. Chagua moja na ulishike hadi mwisho wa mwongozo.

mgao wa umeme. Baadhi ya wafasiri hulitumia kwa jumla ya wati ambazo swichi yaweza kugawia poti zake. Kimantiki linaelekea kufaa. Kwa msomaji wa Tanzania, hata hivyo, mgao wa umeme ni ratiba ya kukatiwa umeme mtaa kwa mtaa. Andika jumla ya wati za swichi au ukomo wa wati.

swichi. Katika nyumba ni kiwashio cha taa ukutani. "Zima swichi" inaweza kumzimia mtu taa ya sebule na kuiacha kamera ilivyo. Andika swichi ya mtandao inapotajwa mara ya kwanza katika kila sura, kisha swichi inatosha.

umeme. Neno hili hutaja mkondo wa nyayani na pia mmweko wa angani. "Usipande ngazi wakati wa umeme" ni onyo lenye utata hatari. Kwa mambo ya anga tumia radi: *Usiguse kebo za nje wakati wa radi.* Nchini Kenya wasomaji wengi husema stima katika mazungumzo. Katika mwongozo rasmi umeme unaeleweka pande zote.

moto. Fundi husema "waya una moto" akimaanisha una umeme. Ni lugha hai na sahihi ya kazini. Katika maandishi, ambako msomaji hamwoni fundi akionyesha kwa kidole, waya wenye moto utadhaniwa unaungua.

## 6. Hitilafu, kasoro, ubovu

Maneno haya matatu hutumiwa kama visawe, na asili zake zinaonyesha kwamba sivyo.

Hitilafu limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya tofauti au kutoafikiana. Linafaa pale pande mbili, kila moja nzima kivyake, zinaposhindwa kuelewana: kamera ya volti 24 na swichi ya volti 48, kwa mfano. Kasoro ni upungufu, kama tusemavyo saa tatu kasorobo. Linafaa pale kitu kinapopunguka: wati hazitoshi, waya mmoja haukubanwa. Ubovu ni kuharibika kwa kitu chenyewe.

Fundi aandikapo "kamera mbovu" ametoa hukumu. Aandikapo "hitilafu kati ya kamera na swichi" ameacha mlango wa uchunguzi wazi. Taarifa ya kwanza iwe ya hitilafu. Ubovu uthibitishwe baadaye.

## 7. Mwongozo uliorekebishwa

Tafsiri ya awali. *Kama kamera haina nguvu, angalia bandari, pima kebo na badilisha kamera.*

Sentensi hii fupi ina makosa manne: nguvu, bandari, kupima kebo isiyo na kamera, na badilisha. Mpangilio wake pia unamfikisha msomaji kwenye gharama kubwa kwa hatua tatu tu.

Tafsiri iliyorekebishwa.

1. Uliza kama kamera iliwahi kuwaka, na kama huzimika wakati maalumu.
2. Hakikisha swichi ya mtandao imewashwa, na kwamba poti inayotumika ni ya aina inayotoa umeme.
3. Linganisha kiwango kilichoandikwa kwenye kamera na kile cha swichi. Visipolingana, kamera itanyimwa umeme. Usiunganishe injekta ya volti 48 isiyobisha hodi kwenye kifaa cha volti 24, kwani kifaa chaweza kuungua.
4. Jumlisha wati za kamera zote zikiwa zimewasha taa za usiku. Jumla hiyo ikizidi ukomo wa wati za swichi, ondoa baadhi ya kamera au tumia swichi yenye ukomo mkubwa zaidi.
5. Hamishia kebo ya kamera kwenye poti ambayo kamera nyingine inawaka. Ikiwaka, poti ya awali ndiyo yenye hitilafu.
6. Ishushe kamera na uiunganishe kando ya swichi kwa kebo fupi uliyokwisha kuithibitisha. Ikiwaka, umeme haukuwa ukifika au haukuwa ukitosha. Kagua kebo ndefu, plagi na urefu wake.
7. Isipowaka, unganisha kamera nyingine nzima kwenye kebo fupi hiyo hiyo. Kamera ya pili ikiwaka, ya kwanza ni mbovu. Hapo ndipo ununue nyingine.

Katika kila hatua kitu kimoja tu kinabadilika, vingine vyote vinabaki vilivyo. Neno "badilisha" halimo. Mahali pake pamekaa hamishia, unganisha na nunua, vitenzi ambavyo kila kimoja kina tendo moja.

## 8. Kwa walimu na wafasiri

Zoezi linalofaa darasani: wape wanafunzi sentensi "kamera haipati umeme" na hali sita zilizoelezwa katika sehemu ya 3, kila moja kwenye karatasi yake. Kila kikundi kiandike sentensi mpya itakayomwezesha kikundi kingine kuitambua hali bila kuona karatasi. Sentensi isiyotambulika irudishwe kwa waandishi wake.

Mfasiri aliye peke yake ajiulize maswali matatu mbele ya kila kitenzi. Nani anatoa? Nani anapokea? Kitu kilikwama wapi? Akikosa jibu, arudi kwa fundi kabla ya kurudi kwenye kamusi. Mimi sikumuuliza fundi wala mtu yeyote, na hosteli ile hadi leo ina kamera moja ya ziada kabatini, mpya, isiyo na kasoro.

Tazama pia: -kata, -katika, -katiwa; -zima, -zimika, -zimwa; -badili, -badilisha, -badilishana; hitilafu; mgao; poti.